Fundi Anayesalimia Gari Kwanza

Fundi springi wa njia panda ya Mkiwa husalimia gari kabla ya dereva. Huchuchumaa, hupitisha kiganja chini ya tumbo la gari, kisha hutaja linakotoka, na ni nadra akosee. Landrova zenye udongo mwekundu ni za Arusha, pikapu zilizoongezwa springi ni za Wasukuma wa pamba, na tangu mitumba ya Japani ianze kumiminika, magari madogo yaliyolala chini ni ya Dar. Kwa hiyo gari dogo jeupe liliposimama Jumamosi ile, alisema bila kuinua uso, “Karibu, mgeni wa Dar.”

“Shikamoo, baba,” dereva akajibu. Alikuwa mwanamke, na maneno yaliyofuata aliyasema kwa Kinyaturu, lugha ya hapa kwetu. “Mimi ni wa Ikungi. Nampelekea mama alione.”

Kiganja kilitulia. Fundi hakuomba radhi. Alikata tairi kuukuu la lori, akashindilia vipande vya mpira kwenye springi zote nne mpaka gari likainuka shubiri nzima juu ya mawe ya kwetu.

“Haya, nenda,” alisema, naye kwa Kinyaturu. “Sasa mama yako hatadhani amepata mgeni.”