Yuko Shambani

Nusura nipoteze kazi kwa ajili ya punje saba za kahawa. Idadi naijua kwa sababu nilizihesabu mwenyewe kiganjani mwa jirani yetu, nikiwa nimesimama mbele yake na kikapu, simu ikiita chumbani. Kwetu Nyakahanga mgeni hapokelewi kwa maneno matupu. Unamletea kahawa zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake, anachota chache, anatafuna, ndipo mazungumzo yanapoanza. Kumwambia mtu anayetafuna kahawa yako "samahani, nina kazi" ni sawa na kumnyang'anya tonge mdomoni. Basi nikakaa. Na yule mama, Mungu amlinde, alizitafuna punje zake saba kana kwamba ana meno mawili tu. Akaniuliza habari za mjini, akaniuliza habari za mvua, akaniuliza habari za mume. Nikamwambia mvua ipo.

Niliporudi chumbani nilikuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mteja wangu. Alikuwa ananong'ona: "Dada, nina watu wawili wamekaa mbele yangu, wote wanasema wana miadi ya saa nne. Mimi nakupenda. Lakini ikitokea tena, tutaachana kwa amani."

Nieleze kazi yenyewe. Mimi ni msaidizi wa mtandaoni. Mteja wangu anaishi Dar es Salaam, anaandaa sherehe za watu, na mimi niko huku Karagwe nampangia miadi, najibu barua pepe zake, nawatuliza mabibi harusi wanaobadili rangi za vitambaa kila wiki. Hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kabla ya hapo nilikaa Mwanza miaka minane kama karani wa mapokezi, mpaka mama yangu alipoanguka akavunjika nyonga. Alitibiwa, akapona kiasi cha kutembea na chuma chake cha miguu minne, lakini kuishi peke yake ikawa haiwezekani. Mimi ni kitinda mimba na sina mume. Nani arudi? Hakuna aliyelisema, na kila mtu alinitazama mimi.

Kwa hiyo kazi ile ndiyo iliyoniwezesha kukaa na mama. Ikienda, ningerudi Mwanza kutafuta nyingine, na mama angebaki peke yake na mlango.

Baada ya ujumbe ule nilikaa nikajiuliza swali ambalo, nakiri, sikuwahi kujiuliza utu uzima wangu wote: mtu asiye na bosi anajuaje kwamba sasa ni wakati wa kazi? Mwanza nilikuwa na geti, daftari la kusaini, na mkubwa mwenye kikohozi ambacho ukikisikia kwenye ngazi unaficha simu. Hapa nilikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya kahawa, meza ya cherehani isiyo na cherehani, na mteja anayeandika "Upo?" saa kumi na mbili asubuhi. Nami, mjinga, najibu "Nipo." Anaandika nikila, nipo. Anaandika nikioga, nipo. Jirani akibisha, nipo. Nilikuwa nipo kwa kila mtu, na kazi haiendi.

Nilianza na ratiba ya mtandaoni. Inasema uamke saa kumi na moja, unywe maji ya uvuguvugu, ufanye mazoezi ya viungo, ukae kimya ujitafakari. Siku ya pili mama akachungulia uani akanikuta naruka.

"Una siafu?"

Ratiba ile ikafa hapo hapo.

Nikaamua kuuliza wenye uzoefu. Mimi nikianza kudadisi sichoki, waulize ndugu zangu. Nilianza na mama mwenyewe, aliyelima kibanja chetu, ile migomba na mibuni iliyozunguka nyumba, maisha yake yote bila kuamrishwa na mtu. Nikamuuliza alikuwa anajuaje saa ya kuanza.

"Umande," akasema.

"Umande unasema nini?"

"Wee mtoto, si umekulia hapa? Maharage unayang'oa na umande wake. Ukingoja jua, maganda yanapasuka, unaokota chini kama kuku. Kahawa unaanika umande ukishakauka. Kila kazi ina saa yake, usiipangie wewe."

Niliandika. Kisha nilipokwenda Isingiro, kule Kyerwa, kumsalimia dada yangu aliyeolewa kwa wafugaji, nikamshika shemeji na swali lile lile. Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini anapumua. Akasema, "Ndama, shemeji. Ndama wakilia unaamka, uwe na homa, uwe na msiba." Basi njia nzima ya kurudi, nyuma ya bodaboda, nikawa nawaza: umande wangu ni upi? Na ndama wangu ni nani?

Nikaanza kuichunguza kazi yangu kama mtu anayechunguza shamba alilorithi. Niligundua mtandao wetu ni mzuri asubuhi, kabla nusu ya wilaya haijaamka na simu zake. Niligundua kichwa changu kinashika tarehe vizuri kabla ya saa nne, na baada ya chakula cha mchana hakifai hata kupanga vikombe. Mabibi harusi hawaandiki asubuhi. Wanaanza jioni wakitoka kazini, wakiwa na hasira. Basi kalenda na barua nikaziweka asubuhi, mabibi harusi jioni. Nikavaa viatu vya kufunika, ndani ya nyumba, kwa sababu niliona nikivaa kandambili nasinzia. Mama alivitazama viatu vile akauliza kama kuna kipaimara.

Wakabaki wageni. Nikamwomba mama, anayeshinda barazani, awe anawaambia niko kazini. Akasema sawa. Nikampa kikapu cha kahawa akae nacho yeye.

Na kweli, wageni wakakoma kuingia. Nilishangaa. Siku ya nne hivi nikafungua dirisha nisikilize anawaambia nini. Jirani wa punje saba alikuwa amefika, wameshasalimiana, akauliza niko wapi.

"Yuko shambani," mama akasema.

"Ahaa, waitu," akaitikia kwa heshima ya kwetu. "Basi tumwache."

Damu ilinipanda. Miaka minane ya mapokezi, stashahada ya uhazili ukutani, halafu mama yangu mzazi ananionea haya? Mchana nilimwekea sahani mezani kwa kishindo.

"Mama, mimi niko shamba gani?"

Hakushtuka. "Mara ya kwanza nilimwambia uko kazini. Akauliza kazini wapi. Nikasema chumbani. Akasema, kumbe yupo, niitie. Sasa ningesemaje? Mtu wa shambani haitwi. Labda nyumba iwe inaungua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa amefanya kwa neno moja kile ambacho ratiba zangu zote zilishindwa. Huku kwetu, mtu aliyelala anaamshwa, anayekula anakaribiwa, anayeandika anaulizwa anaandika nini. Lakini aliyeinama na jembe hata mkwe wake atamngoja. Nikamwambia aendelee hivyo hivyo.

Mambo yakanyooka. Miadi haikugongana tena. Mteja akaniunganisha na rafiki yake, nikawa na wateja wawili, na kalenda moja tunayoiona sote. Nilikuwa naingia chumbani saa moja na nusu na kutoka saa sita. Kisha nikaona kazi inanoga, nikasogeza mpaka saa saba. Kisha saa nane. Hedifoni masikioni, mlango umefungwa, viatu vimefungwa kamba. Nilijiona hodari, nasema kweli. Sikuona kwamba wageni wenyewe walikuwa wamepungua. Nani apande mpaka kwenye nyumba ambayo kila siku mtu yuko shambani?

Siku moja nikatoka karibu saa nane, njaa imenibana, nikamwita mama kutoka jikoni nimuulize kama atakula ndizi za jana. Nikatoka barazani.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Chuma chake kimelala upande, mbali na mkono. Kikapu kimepinduka, kahawa zimetawanyika baraza zima. Zile zilizokuwa karibu alikuwa ameziokota na kuzikusanya fungu dogo pembeni yake. Kitenge chake kilikuwa kimelowa, na mvua haikunyesha siku ile.

"Mama! Tangu saa ngapi?"

"Redio ilikuwa inasoma habari za saa tano."

Kutoka pale alipokaa mpaka mlango wa chumba changu ni hatua nane. Nilizihesabu baadaye. Angeita kwa nguvu mara mbili tatu, angegonga ukuta kwa kiatu, ningesikia hata na hedifoni zangu.

"Kwa nini hukuniita?"

Akanitazama kwa mshangao kabisa, kama mimi ndiye nisiyejua adabu.

"Ulikuwa shambani."

Hakusema kwa lawama. Lawama ningeiweza, ningejibu, mimi ni mtu wa kujibu. Alisema tu kama anavyowaambia wageni. Nilimnyanyua, nikamwogesha, nikambadilisha nguo, na muda wote nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, yeye akinipigapiga mgongoni akisema, "Nyamaza, sikuvunjika." Na hakuvunjika, tulikwenda hospitali wakamtazama, kiwiko tu kilichubuka. Lakini mimi nilikuwa nimeacha Mwanza ili mama asikae peke yake, na alikaa peke yake kwa muda wa saa tatu nzima, sakafuni, mimi nikiwa nyumba hiyo hiyo. Ndama wa shemeji wanalia. Mama yangu hakulia.

Tuliporudi nyumbani jua likiwa bado juu, nikamwandikia mteja. Sikuwa nimewahi kumwambia habari za mama. Niliogopa ataona mimi si mtu wa kazi, ni muuguzi mwenye simu. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikamweleza yote, hata kitenge. Nikamwambia kuanzia kesho, kila siku saa nne hadi saa tano kasoro robo sitapatikana, hata bibi harusi awe anazirai, na saa sita natoka mpaka jioni. Nikatuma, nikaiweka simu kifudifudi nisione.

Ilitetemeka baada ya muda mrefu. "Pole sana. Sawa. Uweke kwenye kalenda nisisahau."

Nikafungua kalenda. Pale pa kuandika sababu nikafikiria kuandika "mapumziko", nikaona ni uongo. Nikafikiria "mama", nikaona si habari ya kila mtu. Nikaandika "Shambani".

Mpaka leo mteja anawaambia watu wake, nimemsikia kwa masikio yangu, "Msaidizi wangu saa nne hapatikani, ni mkulima huyo." Sijamsahihisha. Mlango wa chumba siufungi tena, na hedifoni nimeiachia sikio moja. Nimemwapisha mama kwamba ataniita hata kwa kikohozi. Ameapa, na bado haniiti, mazoea ya miaka sabini hayaishi kwa kiapo. Kwa hiyo siingoji sauti yake. Redio ikigonga saa nne, navua viatu vya kufunika, navaa kandambili, natoka barazani na chupa ya chai. Jirani wa punje saba naye ameijua saa ile, siku nyingine namkuta ameshafika, nakaa namngoja atafune mpaka amalize.

Na kila siku mama akiniona natokea mlangoni huuliza lile lile, bila kukosa.

"Umetoka shambani?"

"Hapana, mama. Ndiyo kwanza naingia."

Ananisogezea kikapu.