Cadija Alivyompambia Nyumba Mtu wa Kodi

Kama uliolewa mjini hapa katika miaka thelathini iliyopita, kuna uwezekano mkubwa chumba chako kilipambwa na Cadija. Mkono wake mwepesi. Chumba cha udongo hukipa mapazia mawili, busati moja na mito minne, kisha hutoka nje, na anayeingia baada yake huvua viatu bila kuambiwa. Ndugu wa bwana harusi wakija kuangalia nyumba hawaoni ufa wala michirizi ya mvua ukutani. Wanaona kapulana, vile vitambaa vya kujifunga kama kanga, zilizokunjwa marinda, na udi unawapokea tangu mlangoni.

Vitu vyenyewe nusu si vyake. Ni vya kuazima, na anayeazimwa leo huazima kesho. Ndiyo desturi ya mtaa: bibi harusi aliyekosa busati la jirani, huyo hana majirani.

Basi siku sekretario wa mtaa alipopita kutangaza kwamba Jumatano watu wa manispaa wangekuja kuangalia nyumba, Cadija aliyashika maneno mawili tu: kuangalia nyumba. Sekretario alieleza sana. Alisema kila nyumba itaandikwa thamani yake, na mwenye nyumba atalipa kodi kila mwaka kwa kadiri ya thamani hiyo. Wakati huo Cadija alikuwa ameshaingia ndani kukoroga chokaa.

Kwa siku tatu hakupumzika. Alipaka kuta mpaka zikaumiza macho. Alitandika busati la mkwewe. Benilde, jirani yake anayepakana naye ukuta, alimwazima viti vya sofa vyenye maua, akavisindikiza kwa matani, maana yeye ni Mmakonde wa bara na Cadija ni mtu wa pwani, na wawili hao hawajawahi kupeana kitu bila kutaniana. Alimuuliza kama manispaa inakuja kupima nyumba au kuposa.

Chumba cha nyuma ndicho kilichomsumbua. Paa lake linavuja, na chini yake kuna beseni lisiloondoka masika yote. Cadija alining'iniza pazia la satini mlangoni, beseni likasahaulika.

Jumatano akaja Hermínio, kijana mpole mwenye buti, futi ya kupimia na mafungu ya karatasi. Alipokewa kwa kahawa na vitumbua. Akakaa juu ya maua ya Benilde, akatazama huku na huku, akasema hajaona nyumba nzuri kama ile tangu asubuhi. Akaandika. Cadija alipoona anaandika sana, moyo wake ulifurahi.

Ng'ambo ya barabara ni kwa Abdurrazaque, muuza saruji. Nyumba yake ina ghorofa, lakini nje haijawahi kupigwa lipu. Matofali yako wazi, na nondo zimesimama juu ya paa kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Zimesimama hivyo mwaka wa sita. Hermínio alibisha getini, hakutoka mtu. Akatazama zile nondo, akaandika mstari mmoja, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili karatasi zikagawiwa. Cadija alitakiwa kulipa metikali elfu tatu na mia sita. Abdurrazaque, elfu mbili, kwa kuwa nyumba yake iliandikwa kwamba bado inajengwa. Habari hiyo ililetwa na sekretario, mtu ambaye ulimi wake haujui kukaa.

Benilde alicheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, umeiozesha nyumba yako kwa manispaa," alisema. "Na mahari unatoa wewe."

Cadija alicheka pia, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Akiba aliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati ya chumba cha nyuma, na mvua zilikuwa karibu. Nyumba ile aliisimamisha upya watu waliporudi kutoka ukimbizini, mti kwa mti, na kile chumba ndicho kilichobaki bila kumalizwa. Akilipa elfu tatu na mia sita, beseni litakaa masika mengine.

Akaenda manispaa kulalamika. Wakamwambia kwamba Hermínio atarudi kuangalia tena.

Safari hii Cadija alirudisha kila kitu kwa wenyewe: viti, busati, mito, pazia la satini, hata kikombe cha kahawa chenye mshikio. Nyumba ikabaki na kitanda, mkeka na sufuria zake. Aliposikia hodi aliona haya, kama mtu aliyefumwa arusini na kanga ya kulalia.

Hermínio aliingia, akasimama. Akauliza vitu vimekwenda wapi. Cadija akamweleza desturi ya kuazimana, naye akasikiliza, masikio yakimwiva kwa aibu kidogo. Akataka kulifunua pazia ambalo halikuwepo tena, yaani mkono wake ulikwenda wenyewe mahali alipoliona mara ya kwanza, akakuta beseni.

Alisema fomu ina visanduku vitatu tu vya kujaza hali ya nyumba: nzuri, ya kadiri, mbaya. Akiandika mbaya, kodi itashuka mpaka mia tisa. Akiandika ya kadiri, ni elfu moja na mia tano. Alishauri mbaya. Kalamu ilishagusa karatasi.

Hiyo mia sita inayozidi ni bati moja. Cadija alilihesabu bati lile, akaliona limelala juu ya paa, likimeta. Kisha akatazama kuta alizozipaka kwa mikono yake.

"Usiandike mbaya," alisema. "Inavuja, sikatai. Lakini nyumba hii haijalala na uchafu hata siku moja. Andika ya kadiri, mwanangu, nitalipa."

Hermínio akaandika. Akiwa mlangoni akauliza, kama anayeuliza habari za hewa, ndani kwa bwana Abdurrazaque kukoje. Alikuwa amesikia kwamba mwaka jana Cadija alipamba arusi ya binti wa bwana huyo.

Kweli alipamba. Aliyaona marumaru ya sakafu, ngazi yenye vishikizo vya shaba, na makochi ambayo hakuhitaji kuyaazima kwa mtu. Lakini mpambaji aliyeingia chumbani hatoki na maneno.

"Mimi napamba, sisimulii," alisema. "Ila wazee walisema nyumba njema si mlango. Na hawakuishia hapo."

Hermínio alikuwa mtoto wa pwani, alijua walikoishia: fungua uingie ndani. Akavuka barabara. Cadija na Benilde wakasogea ukutani, shingo zimerefuka.

Hodi ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Na mtu akibisha mara tatu kimya, adabu inamtaka aondoke. Cadija akauma kanga yake asiseme neno.

Lakini Benilde hajawahi kupamba arusi ya mtu.

"Gonga kwa nguvu, mwanangu," alimpigia kelele. "Jenereta lao la ghorofani linawaziba masikio."

Geti likafunguliwa.