Midomo ya Televisheni ya Mama Mwende

Sisi tuliokulia Kola enzi za betri, Kiingereza cha kuandika tulipewa na mwalimu, lakini cha kusema tulikifuata kwa Mama Mwende. Ndiye jirani pekee aliyekuwa na televisheni, ndogo, isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari. Jumapili jioni, muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, ukiwa bado moto tumboni, watoto wa kijiji kizima tulijazana kwenye sakafu yake ya saruji. Alitukagua miguu mlangoni, na asiyenawa alirudishwa. Mmoja wetu alibaki nje ameshika mlingoti wa antena.

"Imekuja?"

"Bado! Zungusha upande wa kwa kina Nzioka!"

"Na sasa?"

"Wacha hapo hapo! Usipumue!"

Tuliyoipenda ilikuwa tamthilia ya familia tajiri ya ng'ambo, watu wa kulia sana na kupigana makofi kwenye ngazi. Tulikariri maneno yao yote. Kesho yake tukienda kuchota maji, mmoja alikuwa mume, mwingine mke aliyesalitiwa, na punda ndio watumishi wa nyumba. Mama akinisikia nikimfukuza punda kazi kwa Kiingereza, alisema, "Hicho Kiingereza ndicho kitajaza mtungi?"

Sasa, wale waigizaji walikuwa na jambo lao. Midomo ilifunguka kabla ya sauti kutoka, na maneno yakiisha midomo iliendelea kidogo. Hakuna aliyetuambia kwamba walikuwa wakisema lugha yao, kisha wakabandikiwa sauti za Kiingereza juu. Sisi tulijua ndivyo wenye Kiingereza wanavyokisema. Tukajifunza hivyo: fungua mdomo, subiri, sema, halafu malizia na midomo mitupu. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Taya zilituuma.

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitangaza kwamba atachagua wasemaji wa mdahalo. Tungepanda lori la shule mpaka Kitui, kwenye shule ya wasichana. Wenzangu waliwaza wasichana. Mimi niliwaza lori. Sikuwa nimefika mbali kuliko Machakos mjini, na kila gari lililopita barabara yetu nililisindikiza kwa macho hadi vumbi litulie. Kwa darasa letu nafasi ilikuwa imebaki moja. Nilitaka kwenda, basi.

Siku ya majaribio nikasimama mbele ya darasa. Nikafungua mdomo, nikasubiri, nikasema yangu yote kwa sauti ya yule baba tajiri, kisha nikanyamaza huku midomo ikiendelea.

Mwalimu alinitazama. "Kijana, umemaliza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hiyo mdomo bado inaenda wapi?"

"Anatafuna, mwalimu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na darasa likaanguka kwa kicheko. Niliona lori likiondoka bila mimi.

"Umejifunza wapi kusema hivyo?"

"Kwa Mama Mwende, mwalimu. Kwa televisheni."

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akatueleza habari ya zile sauti zilizobandikwa. Kicheko kikakatika. Nusu ya darasa walikuwa wakifanya mazoezi kama yangu, na yule wa "anatafuna" alikuwa mshika antena wetu.

"Geuka uangalie ubao," mwalimu akaniambia. "Sema tena."

Nikauambia ubao maneno yangu kutoka mwanzo. Nyuma yangu hakuna aliyecheka tena. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa akiandika jina langu. "Huyu ataenda," alisema. "Lakini ashike karatasi mbele ya mdomo."

Ndivyo nilivyozungumza Kitui, karatasi tupu imenifika puani, na wasichana wale wakadhani ninasoma. Tulishinda au tulishindwa, sikumbuki vizuri. Nakumbuka barabara: mito ya mchanga mitupu, vilima nisivyovijua majina, masoko ambayo watu wake hawakujua mimi ni mtoto wa nani. Niliporudi, mama aliniuliza kama nimeshiba safari. Nikamwambia ndiyo. Haikuwa kweli. Tangu hapo nimeishi Voi, Kitale, Lodwar, Malindi, nikiuza hiki na kuendesha kile, na popote nilipobisha hodi nilianza na Kiingereza kile kile cha Jumapili jioni.

Sasa nimepanga nyumba Syokimau, karibu na Nairobi, na binti yangu wa miaka kumi na sita. Kiingereza chake amekitoa kwenye simu, na ukimsikia bila kumwona utasema amezaliwa ng'ambo. Midomo na sauti vinakwenda pamoja. Amejifunza peke yake, vipokea sauti masikioni, bila kunawa miguu. Naona fahari, sikatai. Juzi nilimwambia likizo hii nina gari la kazi linalokwenda Lodwar, twende akaone.

"Lodwar nimeshaiona, Dad," alisema, akanigeuzia simu nione. Kweli, ilikuwa Lodwar, na jua lake. Nikamwambia imetoka vizuri. Jumamosi naondoka alfajiri, na kiti cha abiria kiko wazi.