Kibandiko cha Mzee Najua

Mtaani walimwita Mzee Najua, na yeye alidhani wanamsifu. Alikuwa fundi makochi, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono. Mteja akileta kochi lililochanika, kwanza ataelezwa ujinga wake wa kulinunua. Najua alikata vitambaa. Kushona, kujaza sponji na kubeba matakia ilikuwa kazi ya mkewe, bibi wa karibu miaka sabini, ambaye siku hizi alikuwa akisimama katikati ya karakana na kujishika kifua.

"Moyo unarukaruka," alisema mama huyo.

"Uvivu huo," Najua alijibu, macho yakiwa kwenye mkasi.

Mpwa wa Najua, muuguzi wa kliniki ya moyo, alimletea mjomba wake kibandiko cha kuvaa kifuani. Kingesoma mapigo mchana kutwa na usiku kucha, na kuyatuma kliniki kwa simu. Wapo wazee, alimweleza, ambao mapigo yao yamevurugika nao hawana habari, mpaka kiharusi kiwaangushe.

"Vaa wiki mbili tu, mjomba. Nitakuwa nakufuatilia huko huko kazini."

"Plasta yenye umbea," alisema Najua, akaitupa kwenye droo ya misumari.

Kesho yake mpwa alipiga simu kuuliza mbona hakuna kinachoingia. Kwa kuwa Najua hakosi ujanja wa kukwepa jambo dogo kwa kufanya upumbavu mkubwa, alimwita mkewe akambandika yeye.

"Kaa nacho. Wewe huna shughuli," alimwambia mwanamke mwenye sindano mkononi na takia mapajani.

Siku chache baadaye simu ililia tena. Najua aliweka spika.

"Mjomba, mapigo yako hayana mpangilio. Damu ikituama ndani ya moyo inaganda, na donge likipanda kwenye ubongo ndiyo kiharusi chenyewe. Njoo leo, usingoje."

Bingwa wetu alijibwaga kwenye kochi la mteja, akaomba maji, akasema mguu wa kushoto umekuwa mzito, tena na wa kulia. Alikuwa ameshaanza kugawa vyombo vya kazi kwa ndugu zake alipokumbuka.

"Aa," akasema, rangi ikimrudia usoni. "Kumbe si mimi. Ni huyu mama."

Akainuka, akaendelea kukata kitambaa.

Mkewe aliweka sindano chini, akaichukua simu. "Mwanangu, kibandiko ninacho mimi. Nakuja."

Kliniki walimpima upya, wakathibitisha. Alipewa dawa ya kuzuia damu isigande na nyingine ya kutuliza mapigo. Daktari alimwambia amewahi.

Najua naye akaanza kutangaza. "Niliusikia moyo wake kwa sikio langu, nikambandika." Aliwaambia wateja, muuza maji, hata watu waliopotea njia. Mkewe alimvumilia, mpaka siku moja, karakana ikiwa imejaa watu, akasema taratibu, "Uliniambia ni uvivu." Najua akaanza kuzungumzia mvua.

Matakia sasa anayabeba mwenyewe, akiguna kila hatua. Mpwa alileta kibandiko cha pili, na safari hii mke ndiye aliyekigandamiza kwenye kifua cha mumewe. Moyo wa Najua ulikutwa mzima kabisa, na mtaa mzima tukalazimika kusikilizishwa habari hizo.

Mama kiharusi hakijamgusa hadi leo. Dawa zake anazitunza mwenyewe. Mumewe haruhusiwi hata kumsomea maelezo.