Rushwa ya Roketi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha hali ya hewa cha Mpanda, nilichelewa dakika saba. Nilikuwa nimevaa sketi mpya ya bluu, miguu inang'aa kwa mafuta, na nilidhani Mkuu wa Kituo atanikaribisha kwa chai. Nilimkuta amesimama kando ya kipimamvua, macho kwenye saa yake ya mkononi.

"Wewe ndiye Leokadia?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua inasomwa saa tatu kamili asubuhi, nchi nzima. Hii ya saa tatu na dakika saba ni maji tu. Kafulie sketi."

Nawaandikia ninyi vijana mnaosoma mvua kwenye simu, mjue zamani ilisomwa kwa kuinama. Kipimamvua ni mkebe wa shaba wenye mdomo mpana, umefukiwa nusu ardhini, na ndani yake una chupa. Asubuhi unamimina maji ya chupa kwenye bilauri yenye mistari, unainama mpaka jicho lilingane na maji, unasoma, unaandika. Ni kazi ya dakika mbili, lakini ukiinama vibaya umeliongezea taifa mvua ambayo haikunyesha. Vipimajoto navyo vilikaa kwenye kibanda, yaani sanduku jeupe juu ya miguu minne, kuta zake mbao zenye mianya ili hewa ipite na jua lisiingie.

Kibanda hicho ndicho kilichonitia matatani nilipohamishiwa Ugalla. Watu wa kule wanawajua nyuki kuliko wanavyowajua mashemeji zao, na nyuki wenyewe wanajua nyumba nzuri wakiiona. Kundi zima likahamia kwenye vipimajoto vyangu. Nikaripoti Mpanda kwa redio ya upepo.

"Joto halikusomwa. Sababu, nyuki."

"Rudia sababu," akasema Mkuu wa Kituo.

"Nyuki, mzee."

"Kadiria basi. Joto la Ugalla si unalijua?"

"Siandiki nisichokiona."

Redio ikakoroma kidogo. "Haya," akasema, "andika nyuki."

Kwa hiyo katika daftari la serikali, kwa siku kumi na moja, mahali pa joto pameandikwa nyuki, kwa mwandiko wangu mzuri. Siku ya kumi na mbili mrina asali mmoja alikuja kuwahamisha, akanishukuru. Alisema safari hii serikali imewakumbuka, mzinga ni mzuri sana, ila una milango mingi mno.

Baadaye nikahamishiwa Majimoto, kwetu, kwa Wapimbwe wenzangu. Huko nikapewa jina la Mama Mvua, pamoja na lawama zake zote. Mpunga ukikauka nilisimamishwa njiani. "Mama Mvua, jana umetuandikia ngapi?" Nikitaja, mtu anasonya. "Mbona unatubania hivyo? Ungeongeza hata kidogo." Nilieleza mpaka nikachoka kwamba mimi napima tu, sigawi.

Sasa niwaambie ugonjwa wangu. Tangu niliponunua simu ya kugusa, hakuna roketi iliyorushwa nikakosa kuiangalia. Wanapoanza kuhesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, mikono inanitoka jasho, na moto ukiwaka chini ya lile bomba refu mimi nasimama hata kama niko peke yangu sebuleni. Sioni haya kusema. Wapo wanaolia kwa sababu ya mpira.

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, ikaja barua ya Meneja wa Kanda. Setilaiti mpya ya kuchungulia mvua ingerushwa, na takwimu zake zingelinganishwa na za vituo vichache vya ardhini. Majimoto kilikuwa kimojawapo. Setilaiti inazunguka dunia huko juu, inaona wingu na kukisia mvua, lakini nani atajua kama inasema kweli? Ni mtu aliyeinama na bilauri. Niliisoma barua ile mara nne mpaka wali ukaungua.

Wiki hiyohiyo Mwenyekiti wa Kijiji akaniita ofisini. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga alikuwa ameomba kiwanja cha kituo ili apanue mashine yake, na mkutano wa kijiji ungeamua Ijumaa jioni.

"Mwenyekiti, ukihamisha mkebe, vipimo vyote vya nyuma vinakuwa vya mahali pengine," nikasema. "Kituo kitaondolewa kwenye orodha. Miaka yote hiyo imekwenda na maji."

"Mama Mvua, mimi nakuelewa. Lakini wananchi wanaona pale sokoni pana mkebe na sanduku, basi. Hawajui kazi yako. Waonyeshe."

Roketi ya kuibeba setilaiti hiyo ilikuwa irushwe Alhamisi, saa kumi jioni kwa saa zetu. Nikamwomba mwenye kibanda umiza, pale vijana wanapoangalia mpira, atuazime televisheni yake kubwa tuiweke kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Halafu nikaandika tangazo. Nilitaka liseme KURUSHWA KWA ROKETI, lakini boksi la sabuni nililolipata lilikuwa fupi, na mimi huwa siandiki herufi ndogo. Nikapunguza hapa na pale. Kuanzia Jumatano asubuhi, soko zima la Majimoto lilikuwa linasoma hivi:

RUSHWA YA ROKETI. ALHAMISI SAA KUMI JIONI, OFISI YA KIJIJI. MGENI RASMI: MWENYEKITI. NYOTE MNAKARIBISHWA.

Mimi niliyekataa kukadiria joto mbele ya nyuki! Nililipita tangazo lile mara sita na kila mara nililiona zuri.

Alhamisi walikuja hata wale ambao hawajawahi kufika kwenye chanjo. Bodaboda walipaki mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Mwenyekiti alifika amevaa koti, jasho linamtiririka.

"Mama Mvua, umeniua. Mimi ndiye mgeni rasmi wa rushwa?"

Kabla sijamjibu, pikipiki ikasimama. Akashuka kijana mtanashati mwenye daftari, akajitambulisha kuwa ni afisa wa kuzuia rushwa kutoka wilayani.

"Nimeletewa taarifa. Anayetoa ni nani na anayepokea ni nani?"

"Wanaotoa ni wenye roketi," nikasema. "Inapokelewa na anga."

Akaandika. "Anga ni nani?"

Nikamweleza habari ya boksi la sabuni. Hakucheka hata kidogo. Akaomba kiti akasema atakaa mpaka mwisho ili ajiridhishe.

Roketi ikaonekana kwenye televisheni, nyeupe, inafuka moshi baridi pembeni. Nikawa natafsiri. Kila nikieleza, namtazama mwenye mashine, aliyesimama nyuma amekunja mikono. Zikabaki dakika tano, tatu, mbili. Watoto wakaanza kuhesabu. Halafu saa ya kwenye kioo ikasimama, na mtangazaji akasema maneno ambayo sikutaka kuyatafsiri.

"Nini tena?" akauliza Mwenyekiti.

"Wameahirisha mpaka kesho. Upepo wa juu umezidi. Mpima hali ya hewa amekataa."

Watu wakaguna. Wengine wakaanza kukung'uta vumbi waondoke, na mwenye mashine akatabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hapo akasimama mfugaji mmoja wa Kisukuma, Mzee Masanja, amejishikilia fimbo yake.

"Mayu, mama yangu, hebu rudia. Nani amekataa?"

"Mpima hali ya hewa."

"Huyo ni mkubwa wa jeshi?"

"Hapana, baba. Ni mtu kama mimi. Kabla ya kurusha wanaachia puto lenye kipimio lipande kwenye upepo. Yeye anasoma, anasema ndiyo au hapana."

"Na mabosi wake wamemsikiliza? Na lidude lote lile limewaka taa?"

"Wamemsikiliza."

Mzee Masanja akawageukia watu. "Kumbe nyie mlikuwa mnamcheka mtu wa mkebe. Mtu wa mkebe ndiye anayeiambia roketi ikae chini!"

Baraza likalipuka kwa kicheko, lakini sasa hakuna aliyekuwa akinicheka mimi. Waliokuwa wanaondoka wakarudi kuniuliza habari ya puto. Yule afisa akafunga daftari, ila nilikuwa nimeshachungulia alichoandika: "Nimefika eneo la tukio. Rushwa iliyotangazwa haikutolewa. Imeahirishwa hadi kesho kwa sababu ya upepo."

Ijumaa watu waliongezeka. Afisa naye alirudi kukamilisha uchunguzi, safari hii na mke wake na mkeka. Saa kumi na dakika chache moto ukawaka, roketi ikanyanyuka polepole kama inayosita, kisha ikashika njia. Spika ya kibanda umiza ilinguruma mpaka ikakata, lakini hatukuihitaji, maana mtu aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mwenye mashine. "Nenda! Nenda baba! Usirudi nyuma!" Mimi nililia mbele ya kijiji kizima, nikajifuta kwa kanga, nikalia tena.

Mkutano ukafunguliwa palepale. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yeye mwenye mashine.

"Mimi ndiye niliyekiomba kile kiwanja. Mashine hata kule karibu na josho la ng'ombe itakoboa. Mkebe wa Mama Mvua usiguswe."

"Wanaokubali?" akauliza Mwenyekiti.

Mikono yote ikapanda, pamoja na ya afisa na mke wake, mpaka ikabidi wakumbushwe kwamba wao si wakazi.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Siku hizi pembeni ya mkebe pamesimamishwa mtambo unaopima na kutuma wenyewe, na kijana aliyepokea kazi yangu bado anainama kila asubuhi ili aulinganishe. Watu huniuliza kama nilipata faida yoyote kwa kuchunga maji ya chupa maisha yangu yote. Sina kiburi cha kusema niliisaidia dunia kwenda angani. Nilisema nilichokiona, na nisipoona nilisema sikuona. Hapa Majimoto kusema hivyo kuliniletea lawama, na lawama nazo ni sehemu ya kazi.

Roketi bado naziangalia. Majirani hujaa sebuleni kwangu, tunahesabu pamoja, na zikipaa tunashangilia mpaka kuku wanakimbia. Lakini mara nyingine saa inasimama, mtangazaji anasema hali ya hewa imekataa, na wenzangu wanasonya na kutafuta viatu vyao. Mimi hubaki nimekaa. Najua mahali fulani kuna mtu wa chini tu, mabosi wamemzunguka, haraka imewajaa, chombo kimewashwa taa, dunia nzima inatazama, naye amesema hapana. Simjui jina. Nampigia makofi.