Mjomba Niliyempokea Langoni

Usinisimulie habari za mashetani wa usiku. Wa usiku kila mtu anawajua, na kila mtu anajua kuwakimbia. Wangu alikuja mchana kweupe, jua la utosini, watu wanamenya mihogo, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza kijijini. Wapo watakaosema bibi huyu kazeeka, akili zimeruka. Waseme, hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na kilichonipata ndicho kilichonifanya niishi peke yangu mpaka leo.

Ulikuwa wakati wa vita vya kumtoa Mreno. Sisi ni Wamakonde, Wakristo. Mama alishuka kutoka nyanda za juu kabla sijazaliwa, akakaa pwani karibu na misheni. Vita vilipokolea, tropa, yaani jeshi la Mreno, ikatukusanya wote ndani ya uzio wa waya wa miiba, kijiji kikaitwa aldeamento. Lango lilikuwa moja, na langoni anakaa sipaio, askari mweusi wa Mreno, na bunduki yake. Mgeni hakuingia bila guia, yaani karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Asipokuwa nayo, lazima mtu wa ndani aseme: huyu namjua, ni wangu.

Mimi nilikuwa nafua nguo za misheni. Padre wetu alikuwa mzee mwembamba, mpenda maongezi, na alikuwa na kitabu kimoja kabatini. Sasa usifikirie kitabu cha shule. Hiki ulikinyanyua kwa mikono miwili, na kurasa zake si karatasi, ni ngozi ya ndama. Kiliandikwa kwa mkono huko Ulaya, zamani sana, kabla ya mashine za kuchapa. Ndani mna sheria za kanisa: nani aoane na nani, nani atengwe, nani azikwe wapi. Herufi kubwa zilipakwa dhahabu halisi, na pembezoni mchoraji alijichekea mwenyewe akaweka konokono wanaopigana na askari. Kilipolowa unyevu wa masika kilinuka ngozi mbichi, hata upike samaki jirani harufu ile haiondoki.

Kulikuwa na ukurasa mmoja niliokuwa naupenda. Mzee wa ndevu, joho la kijani, miguu mitupu, ameshika mbele ya kifua chake mti wa viduara. Kila kiduara kina udugu wake: baba, bibi, shangazi, mtoto wa mjomba. Kabla ya kufungisha ndoa, Padre aliweka kidole humo akahesabu kama waposaji wana damu moja. Alipotuhesabia mimi na Anselmo, seremala niliyempenda mpaka nikawa sisikii nikiitwa, alisema hatuna udugu wowote, tuoane kwa amani. Furaha ikanipanda, nikaanza utani.

"Padre, na huyu mzee mwenyewe ni ndugu wa nani?"

Padre akacheka. "Huyu hana ndugu. Kazi yake kushika ndugu za wenzake."

"Maskini!" nikasema, nikamgusa kidevu kwa kidole. Ndevu zilikuwa na joto. Nikadhani ni mkono wangu, maana nilikuwa nimetoka kupiga pasi.

Hazikupita wiki nyingi, polisi wa siri wakaja na gari wakamchukua Padre. Hatukumwona tena. Misheni ikawa kambi ya tropa, nami nikaendelea kufua pale pale, sasa nguo za askari. Harusi yetu ilibaki, tungefungishwa na katekista. Kilichosubiriwa ni kitu kimoja tu: mjomba wangu Tiago, kaka pekee wa mama, apewe guia ya kutoka kijijini kwake Mute aje. Kwetu binti hatolewi na baba. Mjomba ndiye anayesimama na kusema neno, na asiposema, hakuna ndoa.

Basi siku hiyo narudi na beseni langu la nguo, namkuta mzee amesimama langoni, mtutu wa bunduki kifuani. Amejitanda nguo ya kijani iliyopauka, hana viatu.

"Documento? Guia iko wapi?" sipaio anauliza. Mzee hamtazami. Ananitazama mimi.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niliwaza: huyu ni mjumbe wa wenzetu wa msituni, wanaopigana na Mreno. Mara nyingi walituma wazee, kwa sababu mzee hatiliwi shaka. Asipopata wa kumpokea atapelekwa posta, kituo cha Mreno cha kuhoji watu, na waliopelekwa posta tuliwajua walivyorudi, wale waliorudi. Nikaweka beseni chini nikapiga vigelegele vya uongo.

"Njomba! Mbona umechelewa hivi? Mama kashakata tamaa!"

Sipaio akanigeukia. "Ntu huyu nani wako?"

"Kaka wa mama."

"Yule wa harusi? Wa Mute?"

"Ndiye huyo. Mama hana mwingine."

Niliyasema kwa mdomo wangu. Sipaio hakuridhika, akamtaka mzee ataje ukoo wetu. Hapo ndipo nilipomsikia sauti kwa mara ya kwanza, sauti kavu, ya mtu asiyezoea kusema. Akamtaja bibi yangu. Akamtaja mama yake bibi, na mama yake huyo, akaendelea kupanda, majina ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyasikia, mpaka sipaio akachoka akatupungia mkono tupite. Nikajiambia, watu wa msituni wamemfundisha vizuri. Nilichoogopa wakati huo ni bunduki tu.

Nyumbani nikamkonyeza mama. "Mama, mpokee kaka yako."

Mama alimtazama mzee kwa kitambo. Kisha akainuka, akamshika mikono yote miwili. "Kaka, umekonda!" Nikamsifu moyoni, mama yangu ana akili. Akamkaribisha ndani, akampa kigoda, nami nikafunga mlango.

"Basi mama," nikanong'ona, "sipaio yuko mbali. Acha."

"Niache nini?"

"Kujifanya."

Mama akanitazama kama nimemtukana mgeni. Akaanza kunisimulia jinsi kaka yake huyu alivyombeba mgongoni kuvuka mto siku ya mafuriko, na yeye akampotezea kofia. Hadithi ile niliijua tangu utotoni. Nikamwambia, mama, aliyekubeba ni mjomba Tiago.

"Tiago ndiyo nani?" mama akauliza.

Nikamgeukia mgeni wetu. Mzee alikuwa anakula muhogo wake taratibu. Kila alipoushika, vidole vyake viliacha alama inayong'aa, nyembamba, ya dhahabu. Na chumba kizima kilinuka ngozi mbichi.

Kesho yake asubuhi nikaenda misheni na nguo za askari. Kabati la Padre lilikuwa halijaguswa. Askari wanataka nini na vitabu? Nikakifungua kile kitabu juu ya sakafu. Ukurasa ulikuwapo. Mti ulikuwapo na viduara vyake vyote. Aliyeushika hakuwapo. Hapakukatwa wala hapakufutwa. Ilikuwa ngozi safi, kama brashi haijawahi kupita pale. Nilikifunga nikakimbia, nguo za watu nikaziacha hapo hapo.

Kwa nini sikumwambia mtu? Ningemwambia nani? Mama alikuwa anamchagulia kaka yake mkeka mzuri. Nikienda kwa sipaio na kusema nilidanganya, tunapelekwa posta mimi, mama na Anselmo. Nikaona bora ninyamaze mpaka mjomba Tiago mwenyewe afike. Akifika, mama atamkumbuka, na huyu mwingine atajua pa kwenda. Ndivyo nilivyojidanganya.

Jumamosi ya harusi mjomba Tiago akafika, jasho linamtoka, guia mkononi, jogoo kwapani na kitambaa kipya alichoninunulia. Sipaio akaniita kwa hasira. "Una wajomba wangapi wewe? Si ulisema yuko mmoja, na yumo ndani?"

Nilimkimbilia mjomba nikamkumbatia miguu. Akaniinua kwa upole, akanitazama usoni.

"Samahani binti," akasema. "Nimetembea tangu alfajiri kuja harusini, lakini njiani nimesahau harusi ya nani."

"Ya kwangu, njomba! Mtoto wa dada yako!"

Akatikisa kichwa, tena kwa huruma, kama anayempa mtu habari ya msiba. "Mimi sijawahi kuwa na dada."

Jogoo akamwachia sipaio. Kitambaa akakishika muda mrefu, anakigeuzageuza, kisha akaondoka nacho kurudi Mute. Nililia pale langoni bila haya.

Niliporudi nyumbani, watu wa Anselmo walikuwa wamekaa mikekani, wanasubiri neno. Mzee akasimama.

"Nimekataa," akasema. "Hawa ni ndugu." Akawa anagusa kifua chake kwa kidole kimoja, kama Padre alivyohesabu viduara: hapa, hapa, halafu hapa.

Mama yake Anselmo akaruka juu. "Udugu gani? Padre alituhesabia! Sisi na nyinyi hata..." Akakatika. Uso wake ukalegea, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo. "Kweli," akasema polepole. "Bibi yangu na bibi yenu. Tulisahau vipi?"

Hakukuwa na ugomvi. Waliinuka, wakatuomba radhi, wakakunja mikeka yao. Anselmo peke yake ndiye aliyebaki, nikashika shati lake, nikamwambia tutoroke usiku, tuvuke Ruvuma, huko hakuna atakayetuuliza. Alinitoa mkono taratibu.

"Usilie," akaniambia. "Usilie, dada."

Vita vikaisha, bendera ikabadilishwa, watu wakacheza ngoma. Kila aliyekuja kuniposa alikuta mzee amekaa mlangoni, na kila mmoja aliondoka akiwa kaka yangu. Mama alikufa akimwita yeye, na yeye ndiye aliyemfumba macho. Mjomba Tiago alipofariki nilikwenda Mute kumzika. Wanawake wakanikaribisha vizuri sana, wakanikalisha upande wa wageni. Watu wa kampuni ya gesi walipochukua ardhi yetu na kutuhamishia Quitunda nilifurahi, nikasema nyumba mpya ya bloku za saruji hataijua. Sikuwa hata nimefagia, nikamkuta kakaa kizingitini. Hajazeeka hata unywele mmoja.

Mwezi uliopita niliugua sana. Katekista alikuja na wanawake wa jumuiya, wakazungumza habari ya kaburi, kwamba wanipeleke nikalale karibu na mama. Hilo ndilo jambo pekee ninalolitaka hapa duniani. Mzee akasema hapana, kutoka mlangoni. Na katekista, kijana aliyesoma, akamwinamia kichwa: "Sawa, njomba. Wewe ndiye mwenye neno." Mpaka leo hakuna aliyeniambia nitapelekwa wapi.

Kwa hiyo nisikilize. Mgeni akija kwako mpe maji, mpe chakula, mpe mkeka wako. Lakini wakikuuliza ni nani wako, na wewe humjui, sema humjui. Najua ni neno baya. Wakati ule neno hilo lingeweza kumuua mtu, na angeweza kuwa mtu kweli. Nakwambia hivyo hivyo: sema humjui.