Kilimia Chini ya Turubai

Mama yangu alikuja Boko kutoka Singida kwa ajili ya macho, na wiki hiyohiyo akatangaza kwamba macho yake ni mazima. Kibovu, alisema, ni Dar es Salaam. Alikuwa akijikwaa kwenye kizingiti na kumimina chai nje ya kikombe, lakini kesi yake yote aliijenga juu ya nyota za Kilimia, lile kundi dogo la nyota saba.

"Kule kwetu Kilimia kikichomoza tunajua shamba linatuita," aliniambia barazani. "Huku natazama kila jioni, hakipo. Sasa mwanangu, ubovu uko kwenye macho yangu au kwenye mji wenu?"

Daktari alikuwa ameshasema ni mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji usicheleweshwe. Mama hakutaka kusikia habari za kisu. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akanijibu kwamba methali hiyo alinifundisha yeye.

Kilichonikera ni kwamba nusu ya hoja yake ilikuwa kweli. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nawafundisha watoto wa watu kwamba nyota ni jua lililo mbali, kwamba jua letu nalo ni moja tu katika kundi kubwa mno liitwalo galaksi, na kwamba galaksi ziko nyingi hadi akili inaomba kupumzika. Kisha nawaambia wakifika nyumbani watazame juu, nao wanaiona taa ya jirani. Mtaani kwetu kila mtu amejenga ukuta, na juu ya ukuta ameweka taa kali ya kumulika ukuta wa mwenzake.

Tukapatana, mimi na mama. Taa za mtaa zizimwe nusu saa, nimwonyeshe Kilimia. Akikiona, nimkatie tiketi ya basi arudi kwake na macho yake. Asipokiona, anakwenda kupasuliwa.

Nikaandika kwenye grupu la mtaa: naomba Jumamosi saa mbili usiku tuzime taa za nje kwa nusu saa, tutazame nyota. Sikuandika zaidi ya hapo. Asubuhi nikaamka na kukuta kuna kamati.

"Ticha, ishu yako tumeipokea kwa mikono miwili," mwenyekiti wa mtaa alinipigia simu. "Ila sie watu wazima hatuwezi kukaa gizani kama wezi. Lazima iwe shughuli."

Penye wengi pana mengi. Kamati ilichagua sare ya kitenge, ikatafuta MC, ikapanga pilau. Kisha ikakodi turubai, umande usije ukawanyeshea watu. Nilipouliza nyota tutazionaje kupitia turubai, katibu, dada mmoja mwenye saluni, alinitazama kwa huruma.

"Kaka yangu, mgeni rasmi atakaa nje kama kuku?"

Ndivyo nilivyojua kwamba nyota zina mgeni rasmi. Alikuwa mtu mwenye kazi kubwa ambayo hakuna aliyeweza kunieleza ni ipi. Uhusiano wake na anga, kwa maelezo ya mwenyekiti, ni kwamba amepanda sana ndege.

Jumamosi ilikuwa ya Januari na anga lilikuwa safi, halina hata wingu. Turubai likafunika uwanja mzima. Jirani mwenye duka la vifaa vya umeme alijitolea taa ndogondogo za kumemeta, zikatundikwa chini ya turubai ili watu wapate picha ya nyota. Taa za kwenye kuta zote ziliachwa zikiwaka, kwa usalama wa magari ya wageni. Mgeni rasmi alichelewa, akaingia na miwani myeusi, akaketishwa meza kuu pembeni ya mama. Alipopewa kipaza sauti alisema itifaki imezingatiwa, akazisifu nyota huku akizinyooshea kidole zile za dukani, akaagiza zitunzwe.

"Na huyu ameletwa mjini kwa ajili ya macho?" mama alininong'oneza.

Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira. Giza halikuwepo, ubovu ukabaki kwenye mji, kwa hiyo ushindi ulikuwa wake, na alijua.

"Kesho nikatie tiketi," akasema.

Hapo umeme ukakatika, Boko nzima. Jenereta lilivutwa, likakohoa, likanyamaza. Kamati iliyokumbuka mapambo ilikuwa imesahau mafuta. Feni ziliposimama joto likawatoa watu nje mmoja mmoja, wakinung'unika. Kisha manung'uniko yakaisha. Nilimshika mama mkono, nikamtoa chini ya turubai.

Upande wa Bagamoyo, juu ya mapaa, Kilimia kilikuwa kimekaa wazi kama punje za ulezi kiganjani. Nikaeleza bila kipaza sauti kwamba mwanga ule ulianza safari kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Hakuna aliyeomba kutoa neno la shukrani. Hata mgeni rasmi alivua miwani, akawa anahesabu kwa sauti.

"Nne, tano, sita. Ya saba mie siioni."

"Ipo hapo kushoto, mheshimiwa," katibu akamwambia.

Mama aliinua uso. Alikunja macho, akayafumbua, akayakunja tena. Nilimshika kidevu nikamwelekeza. Nilitaka ashindwe, hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu. Lakini pale gizani nilimwomba Mungu akione.

Umeme ukarudi. Watu wakaupigia makofi, wakarudi chini ya turubai, na MC akatangaza kwamba sasa tunaendelea na ratiba ya nyota. Tukabaki wawili nje.

"Wote walikiona?" mama akauliza.

"Wote, mama."

"Hata yule wa miwani myeusi?"

"Hata yeye. Alihesabu mpaka sita."

Uso wake bado ulikuwa juu. Kisha akanitafuta mkono, akaukosa, akaupata.

"Basi tiketi usikate," akasema.